Mpimeni Akisukuma

Punda alikwenda hatua tatu, akazima.
Taa yake ya kijani ikapepesa kama jicho la mgonjwa,
ikafa, ikafufuka,
akaanza upya kujitambua, kiungo kwa kiungo,
kana kwamba hajawahi kutuona.

Saa nne usiku, karakana ya useremala, Mbale.
Mvua imenyesha tangu adhuhuri
na maporomoko ya Wanale yanavuma gizani nyuma ya mabweni.
Basi litaondoka saa kumi na moja alfajiri.
Kampala kuna ulingo, kuna refa mwenye filimbi,
kuna shule zinazobeba betri tano tano.
Sisi tuna moja.

Ni programu, nilisema.
Opolot hakunijibu. Alifungua kompyuta
akapitisha kidole mstari kwa mstari,
kama mtoto wa chuoni anayetafuta irabu iliyodondoka.
Haikudondoka.

Basi ni betri, nilisema.
Nambozo akaweka mita: kumi na mbili nukta saba.
"Imeshiba," akasema, "kuliko sisi."
(Posho ya jioni ilikuwa imetupita.)

Basi ni mota ya kushoto.
Tukaing'oa. Tukaizungusha kwa mkono,
ikazunguka bila kinyongo.
Fyuzi nzima. Swichi nzima. Magurudumu mazima.
Kila kitu kizima, na Punda hatembei.

Cherop wa kidato cha kwanza kazi yake ilikuwa kushika tochi.
Hakuna aliyemuuliza kitu tangu muhula uanze.
Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kwenda msalani:
"Goti la mama haliumi akiwa ameketi.
Linauma akipanda mlima na ndoo.
Ninyi mmempima Punda ameketi."

Nambozo aliweka chini bisibisi.

Tukamsukumia Punda ukutani, pua kwenye matofali,
tukamwamuru: sukuma.
Magurudumu yakalia juu ya saruji
na namba kwenye mita zikaanza kushuka ngazi:
kumi na moja, tisa, saba,
sita,
giza.

Tena. Safari hii sindano za mita kwenye meno ya betri yenyewe:
kumi na moja na nusu, haitetereki.
Sindano moja mbele, shibiri moja tu, baada ya kiungo cha kwanza:
sita.

Shibiri moja ya waya, na nusu ya nguvu zetu imepotelea humo.
Nikagusa. Nikauondoa mkono haraka:
joto la kikaango cha chapati.
Chini ya utepe mweusi, utepe niliouzungusha mimi,
kwenye kiungo nilichokibana mimi siku ya Jumanne
kwa meno, kwa sababu koleo lilikuwa limeazimwa
na sikutaka kungoja,
nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika, zimeungua,
zimebaki saba zinashikilia
uzito wa mota nne.

Kikulacho.
Sikuimalizia methali. Hakuna aliyenimalizia.
Opolot, niliyemsingizia wa kwanza,
alinipa kisu upande wa mpini,
na hilo liliniuma kuliko angalinitukana.

Nikakata. Nikamenya waya mpaka shaba iliyo safi.
Koleo safari hii, mikono miwili, mpaka viganja vikaandika alama.
Nikavuta kiungo kama navuta ndama asiyetaka kamba.
Hakikuja.

Punda akarudishwa ukutani.
Kumi na mbili. Kumi na moja nukta nne.
Akasukuma. Kumi na moja nukta mbili.
Akasukuma mpaka akaanza kurudi nyuma Nambozo aliyemshika,
miguu peku ikiteleza kwenye unga wa mbao,
naye akicheka, akimwita majina ya ng'ombe wa babu yake.

Wakaenda kulala saa nane.
Cherop alibaki na tochi, macho yamefumba, mkono haujashuka.
Nikakaa chini karibu na Punda,
nikakivuta kiungo cha pili.
Kisha cha tatu.
Vyote nilikuwa nimevifunga mimi.